Mwongozo kamili wa kuusoma mto kwa miguu: miamba na madimbwi ya bonde la Lukuledi

Wengi wakifika Lindi wanakimbilia baharini, mto wanauona darajani gari likipita na hapo ndo imeisha hiyo. Mi nasema bonde la mto huo, Lukuledi, lina mambo kuliko fukwe zote hizo, ila linataka ujue unatafuta nini, maana ukishuka mtoni kichwa kitupu utaona matope, matete na mbu, utarudi unanung'unika. Hapa naweka hatua zote, kuanzia kujipanga mpaka vipimo vidogo unavyofanya kwa siki na fimbo. Ukiwa kwenye mito mingine ya kusini, Mbwemkuru, Matandu au Ruvuma, mambo ni yaleyale, tofauti kubwa ntazitaja.

Kitu cha kushika kabla ya yote: anza na jiwe, maji yatajieleza yenyewe. Mto unapindapinda pale unapopata udongo laini wa kula, unabanwa pale unapokutana na mwamba, na jiwe gumu likikatiza njia yake maji ya nyuma yake yanapunguza mwendo, yanamwaga tope, yanatanda, hapo ndo unapata zile sehemu za maji ya magotini zenye matete na ndege. Kwahiyo ukiona dimbwi usianze kulipiga picha, jiulize kwanza nani kalizuia.

HATUA YA 1: Ijue ramani ya bonde kabla hujatoka

Lukuledi inaanzia upande wa Masasi, inashuka kaskazini mashariki, inaingia baharini kwenye ghuba ya Lindi. Kusini yake una uwanda wa Makonde (Newala na Tandahimba ziko juu huko), kaskazini una uwanda wa Rondo. Barabara ya lami kutoka Mingoyo kwenda Masasi inalifuata bonde hilohilo kupitia Mtama, Nyangao na Ndanda, yaani ni bonde rahisi mno kufikika, unashuka kwenye gari, unachukua boda, baada ya muda mfupi uko mtoni.

Miamba inabadilika ukienda na mto, na hii ndo raha yenyewe. Juu huko Masasi una vile vilima vya mawe vinavyosimama peke yake katikati ya tambarare, Mtandi na wenzake, hayo ni mawe ya kale sana yaliyopikwa chini ya ardhi kwa joto na mgandamizo, umri wake unazidi miaka milioni 500. Ni magumu, yana mistari mieupe na mieusi iliyojikunja, na hayaliki haraka. Ukishuka kuelekea pwani unaingia kwenye mawe ya mchanga, mengi mekundu au ya njano, yenye matabaka, yaliyojengwa na mito na bahari za enzi za dinosaria, hayo mengine unaweza kuyavunja kwa mkono. Chini kabisa unakuta tope, mikoko na mawe chokaa ya pwani. Mto mmoja, tabia tatu.

Fungua ramani ya satelaiti kwenye simu ukiwa na bando la kutosha, vuta karibu, fuata mto kona kwa kona, halafu hifadhi eneo lote ili litumike bila mtandao. Weka alama sehemu za aina tatu: kona kali, sehemu mto unapojibana ghafla ukawa mwembamba, na mabaka ya kijani kilichokolea nje ya mto. Hayo mabaka yaliyopinda pembeni ambayo hayajaungana na mto mara nyingi ni njia ya zamani, mto ulikata kona ukaiacha ikiwa dimbwi.

HATUA YA 2: Chagua msimu

Mvua zetu kusini ni msimu mmoja mrefu, zinaanza kama Desemba zinamalizika Aprili, wakati mwingine zinaingia Mei. Muda mzuri ni Julai mpaka Oktoba. Julai bado madimbwi yamejaa na ndege wengi, Septemba na Oktoba maji yameshuka na mwamba umejianika wote, kwahiyo kama shida yako ni mawe nenda mwishoni, kama ni ndege na mimea nenda mwanzoni. Sehemu za juu za mto kiangazi kikikolea unaweza kukuta mchanga mtupu, usione umepotea.

Kipindi cha mvua usishuke, hata kama hapo ulipo jua linawaka. Mvua inaweza kuwa imenyesha Masasi na wewe uko Mtama hujui kitu. Mei 2024 kipindi cha kimbunga Hidaya maji yalikata barabara ya Dar kwenda Lindi maeneo ya Kilwa, sasa kama lami inakatwa we na raba zako utasalimika vipi.

HATUA YA 3: Piga hodi kijijini

Hii watu wanairuka halafu wanashangaa kwanini wanafuatwa na sungusungu. Nenda ofisi ya kijiji, muone mtendaji au mwenyekiti, beba kitambulisho cha NIDA, sema ukweli unaenda kuangalia nini. Mazungumzo yenyewe ni mafupi tu:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mjomba, karibu. Unatokea wapi?"
"Natokea Mtwara mjini mzee. Naomba ruhusa nitembee pembeni ya mto, naangalia mawe na madimbwi, sichimbi kitu."
"Mawe? Madini?"
"Hapana mzee, kuangalia na kupiga picha tu."

Swali la madini litakuja, jiandae, maana ukanda huu watu wanatafuta vito na dhahabu na kila mgeni mwenye nyundo anatiliwa shaka. Ndo maana nyundo mi nashauri uiache nyumbani, kwa kazi hii huihitaji.

Omba mwenyeji wa kukutembeza na mkubaliane malipo mapema. Mtafute mvuvi au mkulima wa mpunga, huyo anajua mamba yuko wapi mwezi huu, wapi pana tope la kuzamisha, na jiwe lipi watu wanavukia. Akikwambia hapa hatupiti, hapapitwi, usilete ubishi wa ramani ya simu.

Kwa wa Ruvuma ongeza hili: ule ni mpaka wa nchi. Upande wa pili, Cabo Delgado, hali ya usalama imekuwa mbaya tangu 2017, kwahiyo taarifa polisi ni lazima na usivuke hata kama maji yamekauka na ng'ambo unaiona hiyo hapo.

HATUA YA 4: Vya kubeba

Fimbo ndefu iliyonyooka uliyoichora alama kila sentimita 10, hiyo ndo silaha kuu. Chupa ndogo ya siki, au malimao mawili. Msumari, kipande cha kioo au chupa ya soda, kamba ya mita 10, kijiko cha zamani, daftari na penseli (kalamu ya wino ikilowa imekufa). Buti za mpira kama una nia ya kuingia kwenye tope. Maji ya kunywa beba ya kutosha, ya mtoni usiyategemee. Dawa ya mbu, kofia, shati la mikono mirefu kwa ajili ya matete, yale yanakata ngozi.

HATUA YA 5: Usalama wa majini

Mamba kwanza. Usisimame kwenye ukingo wa maji yenye kina au maji machafu usiyoona chini, kaa mita kadhaa nyuma, na usirudie sehemu ileile kuchota au kunawa, mamba anasoma ratiba ya mtu. Kiboko anakula majani usiku na mchana anashinda majini, ukiona njia pana iliyokanyagwa inayoshuka mtoni hiyo ni yake, usikae juu yake na usijiweke kati yake na maji.

Halafu kichocho, hiki watu wanakidharau kwasababu hakionekani. Kinakaa kwenye maji yaliyotulia yenye konokono na majani, yaani hasahasa kwenye madimbwi tunayoyafuata. Vaa buti, usioge humo, na kama umelowa sana na baadaye ukaona damu kwenye mkojo au tumbo linasumbua nenda hospitali ukawaambie kabisa kwamba uliingia mtoni, dawa ipo na inatibu.

Tope la kuzamisha: piga fimbo mbele kabla ya mguu. Fimbo ikizama bila kukaza, zunguka.

HATUA YA 6: Isome kona

Sasa kazi inaanza. Simama kwenye kona ya mto uangalie kingo zote mbili. Upande wa nje wa kona maji yanaenda kasi, yanakula ukingo, unakuta ukuta wa udongo umesimama wima na mizizi inaning'inia. Upande wa ndani maji yanapunguza mwendo, yanaacha mchanga, unapata ufukwe uliolala. Kina kiko nje, wepesi wa kutembea uko ndani. Ukikumbuka hilo tu tayari umeshapunguza hatari nusu.

Ukuta wa nje uangalie kwa utulivu, ukiwa upande wa pili au pembeni, usikae juu yake wala chini yake maana unabomoka bila hodi. Juu kabisa kuna udongo mweusi wa nyasi, kiganja kimoja hivi. Chini yake tope la kahawia lililopasuka mistari ya wima, hilo lilibaki mafuriko yalipotulia. Chini tena mchanga mwembamba, kwenye mchanga huo ndo mdiria wanatoboa matundu ya viota, utawaona wanaingia na kutoka na visamaki mdomoni. Halafu mstari wa kokoto za mviringo. Kokoto zinabebwa na maji makali tu, kwahiyo ukiona mstari wa kokoto juu ya usawa wa kichwa chako ujue kuna siku mto ulikuwa unapita huko kwa nguvu. Pima unene wa kila tabaka kwa fimbo, andika kuanzia juu kwenda chini.

Angalia pia uchafu ulionasa kwenye matawi, majani makavu, vipande vya neti, mifuko. Ule ndo urefu wa mafuriko ya mwisho, wala huhitaji kumuuliza mtu.

Mchanga wa ufukwe una mikunjo midogo ya maji. Upande wake mkali unaangalia kule maji yanakoenda, kwahiyo hata mto ukiwa umekauka kabisa unajua ulikuwa unaelekea wapi. Mawe bapa nayo yanalala yameegemeana, ncha ya juu imeelekea chini ya mto. Vikikubaliana vyote viwili umepata jibu la uhakika.

HATUA YA 7: Jiwe

Umefika sehemu mwamba umejianika. Kwanza hakikisha ni mwamba mama na sio jiwe lililobebwa: je, linaendelea mpaka chini ya ukingo? Matabaka au mistari yake inaelekea upande mmoja na jiwe la jirani? Kama ndiyo, huo ni mwamba wa pale pale.

Vipimo ni vitatu na vinachukua dakika chache. Chuna kwa msumari: ukichunika kirahisi na kuacha unga, ni jiwe laini, labda chokaa au udongo uliogandamana. Kisha chukua kipande kilichoshadondoka chenyewe ukwaruze kioo, kikiacha mkwaruzo kuna zile chembe ngumu nyeupe zinazong'aa, ambazo mawe ya Masasi yamejaa nazo na mchanga wa mto wote umetokana na mawe ya namna hiyo. Tatu dondoshea siki au limao kwenye ule unga, likitoa mapovu ni chokaa. Mapovu yanaweza kuwa madogo, weka sikio karibu utasikia yanachemka.

Kwenye mwamba mgumu katikati ya mto tafuta mashimo ya duara, laini ndani utadhani kinu. Chungulia chini utaona kokoto zilizobaki humo. Mto ukijaa maji yanazungusha zile kokoto zinasaga jiwe msimu baada ya msimu. Kiangazi mashimo haya yanabaki na maji, viluwiluwi na vidagaa wamo humo wamekwama, na korongo anapita shimo moja baada ya jingine anakula bila kukimbizana na mtu.

Na hapa nisisitize mifupa ya dinosaria. Ukanda wa Lindi sio wa kuchezea kwenye hili, Tendaguru iko kaskazini magharibi mwa mji, karibu na bonde la Mbwemkuru. Wajerumani walichimba huko 1909 mpaka 1913, msimamizi mkuu wa vibarua akiwa Mwafrika, Boheti bin Amrani, na wapagazi walibeba kwa miguu zaidi ya tani 200 za mifupa mpaka bandari ya Lindi. Kile kiunzi cha mifupa ya dinosaria mwenye shingo ndefu kilichosimamishwa jumba la makumbusho Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, kimetoka huku kwetu. Kwahiyo ukikuta kwenye mawe ya mchanga kitu kizito, chenye umbo la mfupa, na ndani kina vitundu vidogo vidogo, usikitoe. Piga picha ukiwa umeweka kijiko pembeni kuonyesha ukubwa, chukua alama ya mahali kwenye simu, toa taarifa kijijini na kwa afisa utamaduni wa wilaya. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakukataza kuchimba au kuondoka nacho, na kitu kikishang'olewa pale kilipo kimepoteza nusu ya maelezo yake.

HATUA YA 8: Dimbwi, na nani kalizuia

Maji yakisimama kuna sababu tatu kubwa: jiwe limeyazuia, mfinyanzi umeyashika, au chemchemi inayaongeza. Mara nyingine zote pamoja.

Jiwe unalijua tayari, shuka na mto ulitafute.

Mfinyanzi unapima hivi: chota tope la chini kwa kijiko, lifinye liwe na unyevu wa unga wa chapati, lisokote liwe kamba nyembamba, halafu likunje duara. Likikunjika bila kupasuka ni mfinyanzi mzuri, maji hayapiti, dimbwi hilo litakaa mpaka Septemba au zaidi. Likikatika vipande lina mchanga mwingi, na hapo kama maji bado yapo Oktoba lazima kuna kitu kingine kinayaleta.

Kitu hicho bonde hili ni chemchemi. Uwanda wa Makonde juu una mchanga unaonyonya mvua yote, ndo maana watu wa Newala wamehangaika na maji miaka na miaka wakati huku chini miguuni mwa mteremko maji yanachuruzika. Yanazama kule juu yanakutana na tabaka lisilopitisha yanatokea pembeni. Dalili zake: maji maangavu wakati mto ni wa kahawia, ubaridi ukigusa kwa fimbo na kuishika, majani mabichi katikati ya ukame, na utando wa rangi ya kutu juu ya maji unaometameta. Huo utando watu wakiuona wanapiga kelele mafuta! mafuta! tangu gesi ya Songosongo ipatikane 1974 na ya Mnazi Bay 1982 kila mtu anajiona yuko juu ya kisima. Uguse kwa kijiti: ukivunjika vipande kama ganda na visirudiane ni bakteria wa chuma, ukirudi kujiunga wenyewe ni mafuta. Mara nyingi ni bakteria, pole.

Baada ya hapo ndo hesabu ya mimea na viumbe. Mafunjo na matete wanapenda kwenye unyevu wa kudumu, yungiyungi anataka maji yaliyotulia, ndago ukimkuta peke yake ujue hapo hukauka. Kambare anavumilia dimbwi bovu kwasababu anaweza kuvuta hewa juu ya maji, perege akiondoka akabaki kambare tupu hewa ndani ya maji imepungua. Yangeyange, kwarara, furukombe, hao utawaona bila kuwatafuta, ila kaa kimya nusu saa kwanza.

Pale palipolimwa mpunga pita juu ya kingo za majaruba, usizibomoe, na mtu akiwa shambani msalimie na uombe njia. Na kama unawaza kununua kashamba kando ya mto, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo, na maji ya kumwagilia yanataka kibali cha bodi ya bonde, yetu ni ya Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini.

HATUA YA 9: Pima maji yenyewe

Tafuta sehemu iliyonyooka, isiyo na kina, mwenyeji akiridhika ni salama. Nyoosha kamba mita 10 kando ya maji. Dondosha kijiti mwanzo, hesabu sekunde kwenye simu mpaka mwisho, rudia mara kadhaa uchukue wastani. Tuseme ni sekunde 25, hiyo ni mita 0.4 kwa sekunde. Pima upana, tuseme mita 6, na kina sehemu kadhaa kwa fimbo, wastani mita 0.3. Zidisha 6 kwa 0.3 kwa 0.4 unapata 0.72, halafu zidisha kwa 0.85 kwasababu maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini. Jibu ni kama mita za ujazo 0.6, yaani lita 600 kila sekunde. Pima juu ya dimbwi na chini yake siku hiyohiyo. Chini yakiwa mengi wakati hakuna kijito kilichoingia, chemchemi yako umeithibitisha.

HATUA YA 10: Mdomoni, kwa wanaomalizia Lindi

Huku ratiba inashikwa na bahari. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, tope lililokuwa kavu asubuhi mchana lina mtumbwi juu yake. Waulize wavuvi saa ya kupwa, ingia maji yakiwa bado yanatoka, na ugeuze mara tu yakisimama, usisubiri yaanze kujaa. Maji mafu ni salama zaidi ila mwamba na tope havijianiki sana. Mikoko usikate hata kijiti cha kupimia, inalindwa kisheria, na fimbo si unayo.

Ukirudi osha buti na fimbo kwa maji ya bomba uanike juani, hasa kama kesho unahamia mto mwingine, usibebe mayai ya konokono kutoka bonde moja kwenda jingine. Picha zipange kwa alama za ramani usiku uleule kabla hujasahau ipi ni kona ipi. Mwezi Machi rudi, ila safari hii ishia darajani tu, piga picha ukitokea upande uleule uliopigia kiangazi, utaona mawe yapi yamefunikwa na dimbwi lipi limeungana na mto.